Watafikiriwa Kwanza

Jumatatu, 21 Novemba

Mvua ya kwanza ya kifuku, msimu wetu wa mvua, imenyesha leo, kuanzia saa tisa alasiri mpaka magharibi. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mihtasari ya vikao vya mtaa, lakini vikao vya mradi vimekwisha na kurasa zimebaki nyingi. Nimezoea kuandika kila jioni tangu nikiwa mkunga, tulipokuwa tunakabidhiana zamu wodini. Kwa hiyo nitaandika yangu.

Kaya zote kumi na tisa zilizotoa maeneo kwa mradi wa nyumba zimeshahama. Wa mwisho kuondoka ni kaka Longino na mkewe, dada Suzana, majirani zangu wa nyuma, ambao tumepakana miaka thelathini na miwili. Jiwe la mpaka wa mradi limepita hatua sita nyuma ya jiko langu. Nyumba yangu imebaki, yao haipo. Longino aliwakatalia watu wa greda, akasema nyumba aliijenga mwenyewe na ataibomoa mwenyewe. Alitoa mabati, akatoa mbao, akaanza kutoa tofali moja moja na kuzipanga kama anaziandaa kwa tanuri. Alipofika usawa wa madirisha siku alizopewa zikawa zimekwisha, akawaachia.

Wamepanga chumba kimoja Lizaboni. Ni kwa muda tu. Pasaka ndipo zitakapokabidhiwa nyumba arobaini za gharama nafuu, na waliotoa maeneo ndio watakaopewa kwanza. Ndivyo nilivyowaeleza watu mwezi wa nane, nilipopita mlango kwa mlango kama mwenyekiti wao. Longino peke yake alinimalizia jioni nne. Mwishowe Suzana ndiye aliyemlainisha. "Baba Jovina," alimwambia mbele yangu, "Kasiana hawezi kutudanganya. Ndiye aliyenizalisha Jovina."

Akasaini.

Jumatano, 30 Novemba

Mvua. Kumbikumbi wamejaa sebuleni. Hakuna jipya.

Jumapili, 11 Desemba

Baada ya misa nilipita kwa Suzana na chupa ya togwa. Chumba chao kiko cha mwisho uani, kimepakana na bafu la wapangaji. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ukuta wa upande wa bafu umelowa mpaka usawa wa kiuno, na rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nusu ya vyombo vyao viko kwenye viroba chini ya kitanda.

Suzana alikuwa na furaha. Alitaka nimchoree nyumba mpya itakavyokuwa. Nikachora kwenye kisanduku cha dawa ya meno: sebule, vyumba viwili, jiko, choo.

"Jiko liko ndani?"

"Ndani, dada."

"Na moshi utakwenda wapi?"

"Humo watu wanapikia gesi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi na gesi! Baba Jovina, umesikia? Tutalipuka siku ya kwanza."

Longino alitabasamu kidogo, basi. Alikaa kwenye kindoo karibu na mlango, mikono ameiweka mapajani. Kifuku hakuna wa kumpa mtu kazi ya kufyatua tofali. Miaka mingine msimu huu alikuwa anashinda shambani kwake nyuma ya nyumba.

Jumatano, 14 Desemba

Nimeongea na Aidan, msimamizi wa mradi. Ni kijana mwenye adabu, bado mgeni hapa Songea. Akikuona anavua kofia ngumu kwanza, ndipo aseme "shikamoo, mama." Nilimwambia nina mzee mmoja mwaminifu anayetafuta kazi. Hakuuliza mengi. Ataanza ulinzi wa usiku Jumatatu.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kuna siku mtu unaona uongozi una faida.

Jumapili, 25 Desemba

Noeli. Mwanangu Joachim amepiga simu kutoka Mbeya. Nilimpelekea Suzana wali na nyama ya kuku. Anakohoa. Longino alikuwa amelala, jana usiku alilinda.

Alhamisi, 5 Januari

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo nje nikamwona Longino upande wa pili wa wavu wa mradi, ndani ya koti refu la mvua la manjano la kampuni. Zamu yake ilikuwa imekwisha lakini alikuwa hajaondoka. Msingi wa nyumba ile ya nyuma yangu umeshapanda, wanajenga kwa tofali za saruji. Alikuwa amesimama katikati yake.

"Kaka, umeamkaje?"

"Nimeamka, Mama Joachim. Hapa nilipo ndipo kilipokuwa kitanda."

Nikamwambia kwamba Suzana anahitaji blanketi zito, nitamletea.

Jumanne, 17 Januari

Fomu za maombi zimekuja. Nimezigawa kwa kaya zote kumi na tisa, na zile ambazo wenyewe wanasoma kwa shida nimezijaza mimi. Kwa Longino nilifika ukurasa wa pili, mahali palipoandikwa MWAJIRI, na chini yake, AMBATISHA BARUA YA MWAJIRI.

"Andika Longino," alisema. "Mimi ndiye niliyejiajiri maisha yangu yote."

Suzana akasema niandike parokia, maana tofali za ukumbi wa parokia ni zake. Mwisho niliandika jina la kampuni anayoilindia. Nilipomuuliza Aidan alinituliza. "Hizo ni taratibu tu za benki, mama. Msiwe na wasiwasi."

Ijumaa, 20 Januari

Mvua kutwa.

Jumapili, 29 Januari

Mvua, siku ya kumi mfululizo. Barabara ya kushuka kijitoni imekatika. Suzana hakuonekana kanisani.

Jumatano, 8 Februari

Niandike kwa utaratibu, maana nikiacha nitaanza kujidanganya.

Jana mpangaji mwenzao alikuja kuniita. Nilifika saa nne asubuhi. Longino alikuwa ametoka lindoni akamkuta Suzana ameketi kitandani ameegemea ukuta ule ule uliolowa, maana akilala pumzi inakata. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na mmoja, sikuhitaji kipimo. Nilimwuliza ameumwa tangu lini. Alisema tangu Jumamosi, lakini hakutaka Longino akose zamu, kwa kuwa ukikosa zamu wanakuweka mtu mwingine, na barua ya mwajiri ilikuwa bado haijasainiwa.

"Nilisema nivumilie mpaka barua itoke," akasema. Aliyasema kwa vipande vipande.

Kazi ile mimi ndiye niliyeitafuta. Usiku tatu alikuwa peke yake humo ndani kwa sababu ya kazi niliyoitafuta mimi.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, mimi upande huu na Longino upande ule, tumembana asianguke. Ni nimonia, mapafu yote mawili. Wamemwekea oksijeni. Mchana alilala kidogo, alipoamka akaniuliza kama wameshaezeka.

"Bado, dada. Wiki ijayo."

"Bati la rangi gani?"

"Bluu."

Akafumba macho kama mtu anayejaribu kuiona.

Jumamosi, 11 Februari

Suzana amefariki leo saa moja na dakika ishirini asubuhi. Longino alikuwa amemshika mguu juu ya blanketi. Mimi nilimfumba macho, kisha nikaenda dirishani, nikasimama hapo muda mrefu kama mtu aliyetumwa kutazama kitu nje.

Jumatatu, 13 Februari

Tumemzika Maposeni, kwao Longino. Msafara ulichelewa kwa ajili ya matope. Wanaume walichota maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumshusha. Padre alikuwa na mwavuli, lakini aliukunja alipoanza sala, na sisi sote tukalowa.

Jovina amekuja kutoka Mbinga na mume wake. Nilikuwa mtu wa kwanza kumshika duniani, na leo nilipotaka kumkumbatia aliweka mkono wake katikati yetu, taratibu, bila hasira.

"Mama mkubwa," alisema, "mama alikuwa akiniambia kwenye simu, tutakaa humu mpaka Pasaka tu, Kasiana amesema. Kila nikimwambia njooni Mbinga, jibu lilikuwa hilo hilo. Kasiana amesema."

Nilipewa chakula nikala. Sijui nilikula nini.

Jumatano, 22 Februari

Jumatano ya Majivu. Longino amerudi kazini. Nilimpikia ugali na maharage, akala nusu, nusu akanirudishia na shukrani nyingi kama mgeni.

Jumamosi, 4 Machi

Wameezeka. Bluu.

Jumatano, 15 Machi

Polikarp seremala, ambaye naye ni mmoja wa wale kumi na tisa, alinisimamisha njiani akaniuliza kama ile ahadi ya kupewa kwanza imeandikwa mahali. Nikamwambia ipo kwenye muhtasari wa kikao, niliuandika mwenyewe.

Nimeutafuta leo. Upo kwenye faili la mtaa, kikao cha tarehe sita Agosti, na mwandiko ni wangu. Ajenda ya tatu: *Mwakilishi wa mradi alieleza kuwa wananchi waliotoa maeneo watafikiriwa kwanza endapo watakidhi vigezo.*

Nimeisoma mara nyingi nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Ndivyo alivyosema, na ndivyo nilivyoandika siku ile ile, wino huu huu. Halafu kesho yake nikaanza kupita mlango kwa mlango, na sikumbuki ni mlango upi ambapo "watafikiriwa" iligeuka ikawa "mtapewa", na "endapo" ikaanguka njiani. Nadhani ni wa kwanza.

Jumanne, 28 Machi

Mvua imepungua. Mafundi wanapaka rangi. Sijaenda kwa mtu.

Jumanne, 4 Aprili

Orodha imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Walinitaka niisome mbele ya watu, nikaisoma. Majina arobaini. Watumishi wengi: walimu, wauguzi, watu wa benki, na wengine wenye anwani za Dar es Salaam. Katika kaya zetu kumi na tisa wamepata mbili, wale ambao watoto wao wameajiriwa serikalini. Longino hayupo. Barua yake ilitoka baada ya msiba, na benki ilimjibu kwamba kazi ya mkataba wa muda haihesabiki.

Jina la thelathini na nane ni langu. Mimi sikuomba. Nilifika hapo, na kwa kuwa watu waliokuwa karibu walikuwa wanasoma pamoja nami, nikalitamka.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Waliondoka mmoja mmoja, na Polikarp alipofika mbele yangu alisimama kidogo.

"Kwa hiyo, Mama Mwenyekiti," alisema, "wewe umefikiriwa."

Jumatano, 5 Aprili

Nimemfuata Aidan kwenye kontena lake la ofisi. Alisema kuna nafasi moja ya uongozi wa mtaa, ni ya shukrani kwa ushirikiano, na masharti yake ni mepesi. "Tumekupa ile iliyo nyuma ya kwako, mama, usipate shida ya kuhamisha vitu."

"Mpe Longino."

"Haihamishiki. Ikikataliwa inakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba, na orodha ya akiba ni ya waliokidhi vigezo."

"Nani aliweka vigezo? Hizi si nyumba za watu wa kipato cha chini?"

Alivua kofia akaiweka mezani. Nilimwona amekonda tangu Desemba. "Mama, nyumba ni nafuu ukilinganisha na nyumba nyingine. Hawakulinganisha na watu. Mimi mwenyewe siingii kwenye vigezo. Mkataba wangu ni wa miezi sita sita. Nimepanga chumba hapo juu, kinavuja."

Miezi hii yote nilikuwa nimeshaanza kumchukia. Ningependa niendelee, ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 6 Aprili

Alhamisi Kuu. Kabla ya misa nilikwenda Lizaboni kwa Longino. Alikuwa anafuta tochi yake ya lindo kwa kitambaa. Kitanda kimetandikwa upande mmoja tu. Niliketi kwenye kile kindoo.

"Kaka, kuna jambo nimekuja kulisema. Kikaoni hawakusema mtapewa. Walisema mtafikiriwa. Mimi ndiye niliyebadili."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwepo kikaoni. Masikio yangu mazima. Niliposikia 'watafikiriwa' nikarudi nyumbani nikamwambia Suzana, sisi hatutoki. Ndiyo maana nilikusumbua jioni nne." Alijaribu tochi, ikawaka, akaizima. "Ila wewe uliposema 'mtapewa', na ukarudia, nikafikiri labda mwenyekiti ameambiwa zaidi yetu."

"Sikuambiwa zaidi."

"Mm."

Wapangaji wenzake walikuwa wanachota maji nje. Tulisikia ndoo mbili zikijaa.

"Kwa nini ulisema hivyo, Mama Joachim?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu njiani. Kwamba nilielewa vibaya. Kwamba nilitaka mema. Nikasema lililokuwa kweli. "Kwa sababu 'watafikiriwa' isingemtoa mtu ndani ya nyumba yake. Na mimi niliutaka mradi. Niliona aibu mtaa wetu kuwa nyuma."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa wala kukubali, kama mtu anayepima tofali mkononi. Kisha akasema kengele imelia, niende nisichelewe misa. Nilikwenda. Wakati wa kuoshana miguu nilitoka nje.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Makabidhiano yamesogezwa mpaka Mei.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimepeleka barua mbili. Moja ya kuikataa nyumba, nyingine ya kuacha uenyekiti. Aidan aliisoma ya kwanza akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Nimetembea kurudi nyumbani kichwa juu.

Jumatano, 19 Aprili

Longino alipita asubuhi akitoka lindoni. Nilimwambia nimeikataa. Nilitegemea, sijui nilitegemea nini.

Aliangalia yale mabati ya bluu. "Ungeichukua," alisema.

"Niichukue vipi, kaka? Baada ya yote?"

"Ungeichukua. Ningekuwa najua aliye humo. Siku nikipita ningeingia, ningekaa, ungenipa maji. Sasa atakuja mtu, na mimi nitakuwa mzee anayechungulia wavu." Alisema bila ukali. "Umejisafisha, Mama Joachim. Ni sawa. Lakini mimi haijanisaidia."

Nimekaa nalo neno hilo kutwa nzima. Sijapata pa kuliweka.

Jumatatu, 1 Mei

Siku ya wafanyakazi. Jua. Kifuku kimekwisha kabisa sasa.

Jumamosi, 6 Mei

Longino ameacha kazi ya ulinzi. Anakwenda Maposeni kwa mdogo wake. Mahindi yanakauka, mikono ya kuvuna inahitajika, na kaburi la Suzana halijajengewa. Nilimsindikiza hadi stendi. Alikuwa na viroba vitatu na godoro. Makondakta walikuwa wanavuta abiria kwa mikono, tukajibanza kando ya kibanda cha soda.

Niliomba msamaha. Nilikuwa sijauomba kwa neno lenyewe, muda wote nilikuwa naeleza tu.

"Suzana alikusamehe kabla hujakosa," alisema. "Ndivyo alivyokuwa. Mimi si Suzana. Nipe muda."

Alipopanda akarudi mlangoni, akainama. "Na atakayeingia pale, usimwambie habari zetu. Ataishije humo akijua? Hajatukosea."

Nikaahidi.

Jumapili, 14 Mei

Nimesali nyumbani. Mguu unauma.

Jumamosi, 20 Mei

Watu wamekabidhiwa nyumba. Magari ya mizigo yamepita tangu asubuhi. Nyumba ya nyuma yangu amepewa mwalimu wa shule ya msingi anaitwa Leticia, miaka thelathini na minne, na binti yake mdogo. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba.

Alikuja jioni kubisha hodi na kujitambulisha, amepiga goti kidogo kama walivyolelewa watoto wa zamani. Mzigo wake wote ulikuwa godoro, jiko la mkaa na sanduku la vitabu. Ameishi nyumba sita za kupanga katika miaka kumi na mmoja. Mwenye nyumba wa mwisho alimkatia umeme ili ahame, mtoto akiwa na wiki tatu.

"Nilipopewa ufunguo nililia, mama," alisema. "Mbele ya watu wote. Nilishindwa kujizuia."

Nilitaka kumchukia huyu pia. Alikuwa amemshika binti yake mkono, na yule mtoto alikuwa anahesabu madirisha ya kwao kwa sauti. Yalikuwa matano, akayahesabu mara mbili kuhakikisha.

Jumapili, 4 Juni

Baridi ya Juni imeanza. Polikarp amenisalimia leo kanisani, kwa kichwa tu. Kutoka Maposeni hakuna habari. Simu ya Longino nikiipiga inaita mpaka inakata.

Alasiri Leticia alikuja kuazima jembe. Anataka kulima kitalu kidogo cha mboga kati ya ukuta wake na wavu. Nilikaa kwenye ngazi za jiko nikamtazama akilima. Analima vizuri, amezaliwa shambani. Baada ya muda akasimama kupumzika, akaegemea mpini.

"Mama, hapa kabla ya mradi palikuwa na nini?"

Binti yake alikuwa ameketi kizingitini, anakula muwa.

"Shamba tu, mwanangu," nilisema.

"Hapakuwa na watu?"

"Hapakuwa na watu."

Akashusha pumzi, akacheka kwa aibu. "Afadhali. Tangu niingie nilikuwa na wasiwasi huo moyoni, kwamba labda kuna mtu tulimtoa."

Nikaingia ndani kumtafutia mbegu za mchicha.